Kodi Haikai Ilipowekwa

Mwenye ajira akiangalia makato ya mshahara wake husema: "Sisi ndio tunaoibeba nchi hii." Mama lishe, dereva wa bodaboda na mkulima wana kauli yao: "Kodi ni ya wenye maduka na wenye ajira, sisi haituhusu." Kauli hizi husemwa kwa uhakika mkubwa, na zote mbili si sahihi. Zimetokana na kosa moja: kudhani kwamba anayekabidhi fedha kwa Mamlaka ya Mapato ndiye huyo huyo anayeubeba mzigo wa kodi. Katika elimu ya kodi, hawa wanaweza kuwa watu wawili tofauti, na asiyewatofautisha hawezi kujua bajeti ya mwezi Juni imemgusa wapi.

Dhana hiyo ina historia. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba katika Tanzania ya leo mwaka 1898, nyumba ya kijijini ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Waingereza wakaendeleza kodi ya nyumba na kodi ya kichwa. Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliondolewa, ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, kisha ikafutwa mwaka 2003. Kwa vizazi kadhaa, mtu wa kijijini aliijua kodi kwa sura: karani na daftari lake, stakabadhi inayotunzwa ndani ya sanduku, na mgambo kwa aliyeshindwa kulipa. Karani alipoacha kuja, wengi waliamini kwamba kodi nayo imeondoka.

Wakati huo kodi ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani kwa mlango mwingine. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo wengi wetu tunaiita VAT, ilianza kutozwa Tanzania Bara Julai 1998 kwa asilimia 20, na mwaka 2009 ikashushwa hadi asilimia 18. Kodi hii haina karani wala haina stakabadhi ya sandukuni. Imo ndani ya bei.

Tuifuate kwa mfano wa katoni moja ya sabuni. Tuseme kiwanda kinaiuza kwa shilingi 20,000 kabla ya kodi. Mwenye duka la jumla atalipa 23,600, na zile 3,600 kiwanda kitazipeleka serikalini. Naye mwenye duka la jumla akiweka bei yake 25,000, ataongeza kodi ya 4,500 na kuiuza kwa 29,500. Serikalini hatapeleka 4,500 zote. Atatoa kwanza zile 3,600 alizokwisha kulipa kiwandani, apeleke 900 zilizobaki. Mpaka hapo kiwanda na duka la jumla wamekabidhi kodi, na hakuna hata mmoja aliyepungukiwa kwa sababu yake. Kila mmoja amerudishiwa na mnunuzi wake.

Sabuni ikifika kwa Mangi, mwenye duka dogo la mtaani, mnyororo wa kurudishiana unakatika. Tangu mwaka 2023, anayelazimika kujiandikisha kwa VAT ni yule mwenye mauzo ya shilingi milioni 200 na kuendelea kwa mwaka, na Mangi hafiki huko. Hatozi VAT, kwa hiyo watu husema dukani kwake hakuna kodi. Lakini ameinunua katoni kwa 29,500, na ndani yake zimo zile 4,500. Ataziweka katika bei ya kila mche, na atakayezitoa ni mama anayefua nguo. Huyo hana wa kumdai. Mama lishe anayesema kodi haimhusu ameilipa asubuhi aliponunua sabuni ya kuoshea sahani, akailipa tena alipoweka vocha ya simu.

Kwa hiyo sheria hutaja nani akabidhi kodi. Nani aibebe, hilo huamuliwa sokoni, na kanuni yake ni nyepesi kuishika: kodi humwelemea zaidi yule asiye na pa kukimbilia. Mwenye njia nyingine huihama na kumwachia mwenzake mzigo. Asiye na njia hubaki nao.

Kodi ya majengo ni ushahidi mzuri. Tangu Agosti 2021 hukusanywa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla; nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Kisheria ni kodi ya mwenye nyumba. Lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na makato yanatokea kwenye mita yake. Angeweza kumwambia mwenye nyumba apunguze kodi ya pango kwa kiasi hicho, na wapo waliofanya hivyo. Katika mtaa wenye vyumba vingi vitupu, mwenye nyumba atakubali kwa kuogopa chumba kukosa mtu. Katika mtaa ambao chumba kikiachwa wazi asubuhi jioni kimeshapata mtu, mpangaji atanyamaza na kulipa. Sheria ni ileile na mita ni ileile. Kinachobadilika ni nani mwenye uwezo wa kusema "basi naondoka".

Tazama pia mafuta. Mwaka 2023 serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Dereva wa bodaboda anapatana na abiria papo hapo, hivyo sehemu ya nyongeza hiyo aliweza kuihamisha siku hiyohiyo. Mwenye daladala hana uhuru huo, kwa kuwa nauli yake hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Mpaka nauli mpya zitangazwe, nyongeza hukaa kwake na kwa dereva anayetakiwa kufikisha hesabu jioni. Zikitangazwa, huhamia kwa abiria. Kodi moja, kituo kimoja cha mafuta, wabebaji watatu.

Kwa mkulima wa kahawa mzigo hurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Ushuru wa mazao, kisheria, hulipwa na mnunuzi. Ila mnunuzi huyo anaiuza kahawa katika soko la dunia, ambako bei ya arabika hufuata soko la New York na bei ya robusta hufuata London. Hawezi kumwambia mchoma kahawa wa Ulaya aongeze dau kwa sababu halmashauri fulani ya Kagera inatoza ushuru. Anachoweza ni kupunguza bei anayompa mkulima. Mkulima naye mti wake wa kahawa hauhamishiki. Akiona anayelipa ushuru ni mnunuzi ataamini kwamba yeye amepona, wakati umeshakatwa kabla bei haijamfikia.

Kanuni hii hufanya kazi pia pale kodi inapoondolewa, na hapo ndipo matumaini mengi huvunjika. Mwaka 2018 Tanzania iliondoa VAT kwenye taulo za kike. Nia ilikuwa njema, na wanaharakati walikuwa wameipigania ili msichana asikose masomo kwa ajili ya hedhi. Wengi tulitarajia bei ishuke kwa kiasi cha kodi iliyoondoka. Mwaka uliofuata, Waziri wa Fedha Philip Mpango aliliambia Bunge kwamba bei haikushuka, na msamaha ukafutwa.

Lawama nyingi ziliwaangukia wafanyabiashara, na sehemu yake ni ya haki. Lakini tatizo lina mizizi miwili zaidi. Wa kwanza ni aina ya nafuu iliyotolewa. Bidhaa ikipewa msamaha wa VAT, mtengenezaji hatozi kodi anapouza, na kwa sababu hiyo hawezi kudai kodi aliyolipa kwenye pamba, vifungashio na usafirishaji. Kodi hiyo hubaki ndani ya gharama zake. Ingekuwa bidhaa imewekewa kiwango cha sifuri, angerudishiwa. Kwa msikilizaji wa bajeti maneno haya mawili hufanana, ila moja huacha kodi ndani ya bei na jingine huitoa yote. Mzizi wa pili ni ushindani. Muuzaji hushusha bei anapohofia mteja kwenda kwa jirani. Pale wauzaji wanapokuwa wachache na mteja hana mbadala, nafuu ya kodi huishia mfukoni mwa muuzaji kwa njia ileile ambayo mzigo wa kodi huishia kwa mteja. Msichana ambaye nafuu ilitungwa kwa ajili yake ndiye aliyekuwa na nguvu ndogo kuliko wote katika mnyororo ule. Hilo lilistahili kufikiriwa kabla ya kupitisha msamaha, na msamaha ulistahili kurekebishwa badala ya kufutwa.

Nirudi kwa mwenye ajira, kwa kuwa naye ana dhana inayomuumiza. Nimesikia watu wazima wenye elimu wakisema afadhali wasiongezwe mshahara, kwa sababu wakiingia kwenye asilimia 30 watabaki na kidogo kuliko mwanzo. Haiwezekani. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kipato kinachotozwa kodi kikiwa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, kodi yake ni 128,000. Ile asilimia 30 hutozwa kwa kinachozidi hapo tu. Ukiongezwa 10,000, kodi inaongezeka 3,000 na wewe unabaki na 7,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kitu, na hilo halibadiliki hata mshahara wako uwe mkubwa kiasi gani. Asikatae mtu nyongeza kwa hofu ya hesabu ambayo haipo.

Tena kuna kodi ambayo haiandikwi kwenye hati ya mshahara wa mwenye ajira: tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo sheria inamtaka mwajiri ailipe kutokana na jumla ya mishahara. Mwajiri huihesabu kama sehemu ya gharama ya kuajiri. Pale ambapo waombaji wa kazi ni wengi na nafasi ni chache, sehemu ya tozo hiyo hurudi kwa mfanyakazi kwa sura ya mshahara uliopangwa chini. Hataiona imeandikwa popote.

Ipo kodi nyingine iliyofichika zaidi, na inahusu kauli maarufu kuliko zote: "Serikali ina mtambo wa noti, kwa nini isichapishe za kututosha?" Kuchapisha noti kwenyewe si kosa. Benki Kuu hubadilisha zilizochakaa, na uchumi unaokua huhitaji fedha zaidi katika mzunguko. Balaa huanza serikali inapogeuza mtambo kuwa chanzo cha mapato. Anayezishika noti mpya kwanza hununua kwa bei za jana. Zikishaenea, bei hupanda, na anayeumia ni yule aliyekuwa na noti za zamani. Hakuna aliyemtoza, lakini uwezo wake wa kununua umehamia kwa aliyechapisha. Hiyo ni kodi kamili.

Majirani zetu waliiona kwa macho. Nchini Zaire, mwaka 1992, utawala wa Mobutu ulitoa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa. Januari 1993 wanajeshi wakalipwa mishahara kwa noti hiyo, madukani ikakataliwa, na hasira yao ikageuka vurugu na uporaji mjini Kinshasa. Watu wengi waliuawa, akiwemo balozi wa Ufaransa. Mwezi Oktoba mwaka huohuo ilitolewa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Katika muda wote huo, mwenye dola, mwenye viwanja na mwenye ng'ombe alikuwa na pa kukimbilia. Mwalimu, mstaafu na mama aliyefunga akiba yake kwenye pindo la kitenge hawakuwa napo.

Katiba ya Tanzania, katika Ibara ya 138, inasema hakuna kodi itakayotozwa isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Kinga hiyo ni ya thamani, kwa sababu hulazimisha mjadala wa wazi. Tuliona nguvu ya mjadala huo Kenya mwaka 2024: pendekezo la kuutoza mkate VAT ya asilimia 16 lilieleweka jikoni kwa kila mtu, likaondolewa, na baadaye Rais William Ruto akakataa kuusaini muswada mzima wa fedha baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya vijana. Kupandisha bei kwa mtambo wa noti hakupiti katika bunge lolote. Ndiyo maana mwananchi wa kawaida, anayeona noti nyingi kama neema, ndiye anayepaswa kuzikataa wa kwanza.

Bajeti ijayo itakaposomwa, usiishie kusikiliza nani ametajwa. Kwa kila kodi mpya na kila nafuu, uliza mambo matatu: nani atakabidhi fedha, nani atapungukiwa, na nani anaweza kuikwepa kihalali. Ukikuta anayeweza kuikwepa ni mwenye nacho na asiyeweza ni maskini, umeipata kasoro ya kodi hiyo, hata kama sheria imeandikwa kwa jina la tajiri.

Na yule aliyezoea kusema halipi kodi, aache kusema hivyo. Kauli hiyo inamnyima haki yake mwenyewe. Anayedhani hachangii huona barabara na dawa za zahanati kama fadhila ya mkubwa, akashukuru kwa kidogo na kunyamaza kwa kilichopotea. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowekwa hadharani kila mwaka, inazungumzia fedha za mama lishe na mkulima wa kahawa kama inavyozungumzia fedha za mkurugenzi. Wana haki sawa ya kuuliza zimekwenda wapi, na haki hiyo wameilipia.