Fahamu: Nani amebadilisha waraka?

Januari 2010, kamati ya Bunge la Kenya ilikutana Naivasha kupitia rasimu ya katiba. Mei mwaka huo, nakala zilizochapishwa zilikutwa na maneno kuhusu usalama wa taifa katika kifungu cha 24, ambayo Bunge halikuyapitisha.

Kikundi chako kinaandika katiba yake na hakitaki hali kama hiyo? Katika Word, fungua Review, kisha bofya Track Changes. Neno linaloongezwa hupigiwa mstari chini kwa rangi. Linalofutwa hukatwa kwa mstari, na jina la mhariri huonekana. Katika Google Docs, chagua Suggesting. Mwenye waraka hukubali au kukataa kila pendekezo.

Tumieni linki moja, si nakala kumi za WhatsApp. Kabla ya kuchapisha, hakikisheni hakuna badiliko lililosalia bila uamuzi.