Nati ya Breki Iliyoshikwa na Kutu

Mkaazi wa pwani, awe wa Mombasa, Tanga au Unguja, akiazimu kulitengeneza gari lake kwa mkono wake mwenyewe, hana budi kuitambua kutu kuwa ndiyo hasimu wake wa kwanza; kwani upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu huharakisha kuliwa kwa chuma, fauka ya kwamba baadhi ya magari tunayoyapokea kutoka Japani yalikwisha tumika katika mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke.

Katika nati zote za gari, iliyo kaidi mno ni ile ndogo inayoiunga paipu ya chuma ya breki na mpira wake karibu na gurudumu. Nati hii, ambayo aghalabu ni ya spana namba 10, imepitiwa na paipu katikati yake, hata kutu iingiapo huishika pande mbili: hesi zikagandamana na kiungo, na tundu likagandamana na paipu. Tena kutu hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo sababu nati iliyokazwa kwa wastani zamani, leo imebana kana kwamba imechomelewa.

Taksiri kubwa hutendeka mwanzoni kabisa, pale mtu atwaapo spana ya mdomo, ambayo hushika pande mbili tu za nati, akaivuta kwa ghadhabu hata pembe zikaliwa. Yapasa itumike spana ya ringi iliyokatwa upenyo wa kupitishia paipu, maana hiyo huikumbatia nati karibu yote. Kabla ya hapo, hesi zisuguliwe kwa brashi ya waya, zitiwe mafuta ya kupenya, ziachwe usiku kucha, kisha kiungo kigongwegongwe taratibu kwa nyundo ndogo. Wengi hukimbilia kopo la WD-40, lililobuniwa San Diego, Marekani, mwaka 1953, ilhali asili yake ni dawa ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Litafaa kidogo, lakini mafuta yaliyokusudiwa kulegeza nati hufaa zaidi. Yote hayo yasifike kwenye diski wala kwenye mpira wa breki, kwa kuwa mafuta ya namna hiyo huuvimbisha na kuuharibu. Moto nao usisogezwe, kwani mafuta ya breki huwaka.

Wakati wa kuvuta, nati ikazwe kwanza kidogo ndipo ilegezwe, na jicho lisibanduke kwenye paipu. Ukisikia mlio mkavu na nati ikazunguka peke yake, umefaulu. Ukiiona paipu nayo inajisokota, simama hapo hapo, irudishe nati nyuma, uongeze mafuta na ungoje tena. Paipu iliyokwisha kujikunja haifai tena. Ikatwe, itiwe mpya.

Gari lisiachwe juu ya jeki peke yake, bali likalie stendi imara. Na kazi ikiisha, breki zitolewe upepo mpaka pedali iwe ngumu mguuni. Maadamu pedali ingali inazama, gari hilo lisitoke uani.