Majina Makubwa Kwenye Chupa za Bia za Kale

George Washington alikuwa kanali katika koloni la Virginia alipoandika, mwaka 1757, namna ya kupika bia nyepesi. Pumba na hopsi huchemshwa saa 3, huchujwa, kisha galoni 3 za molasi huingia kwenye mchanganyiko wa galoni 30, yaani lita 114 hivi. Hamira hutiwa ukiwa vuguvugu. Daftari lake limo katika Maktaba ya Umma ya New York, na kwa wenye viwanda vya bia Marekani limekuwa mtaji. Mwaka 2018 Budweiser ilitoa bia nyekundu ikilitaja. Huko Philadelphia, kiwanda cha Yards kimetoa bia zenye majina ya Washington na Thomas Jefferson, pamoja na nyingine inayofuata maelekezo ya Benjamin Franklin, yenye molasi na machipukizi ya mti wa jamii ya msonobari.

Sababu ya kibiashara iko wazi. Marekani ina viwanda vya bia zaidi ya 9,000, vingi vikiwa vidogo, na mwaka 2024 vidogo vilivyofungwa vilizidi vilivyofunguliwa. Kimea na hopsi kila mtu ananunua. Historia ya mji wako, jirani hawezi kuiagiza kwa msambazaji.

Lakini kinachouzwa si kile kilichonywewa enzi za ukoloni. Kimea cha zamani mara nyingi kilikaushwa kwa moto wa kuni, kikabaki na harufu ya moshi. Kile cheusi kinachoipa bia ya porter weusi wake wa leo kilipewa hataza Uingereza mwaka 1817, Washington akiwa ameshafariki. Hamira ndiyo tofauti kubwa zaidi. Wapishi wa wakati ule walichota povu la pishi lililopita, likiwa na vijidudu vya kila aina. Hamira safi ya aina moja ilitengwa na Emil Christian Hansen katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen, mwaka 1883. Viwanda vingi haviwezi kuruhusu vijidudu vya povu lile vizagae kwenye matangi yao. Na ukifuata daftari neno kwa neno, pumba na molasi vitakupa kinywaji chepesi ambacho wateja wachache wangekilipia, hivyo kimea cha shayiri huongezwa. Siwalaumu, mradi waseme.

Ninalodai ni jina. Huko Monticello, nyumbani kwa Thomas Jefferson, bia ilipikwa na Peter Hemings, mtumwa aliyejifunza kazi kwa mpishi wa bia Mwingereza, Joseph Miller, takriban mwaka 1813. Aliandaa mwenyewe kimea cha ngano, kwa kuwa shayiri haikulimwa pale. Jefferson alipoombwa maelekezo mwaka 1821 alijibu kwamba hana, na kwamba ana shaka kama kazi hiyo inaweza kufanikiwa kwa kufuata karatasi. Maarifa yote yalikuwa mikononi mwa Hemings. Katika mnada wa mwaka 1827, baada ya kifo cha Jefferson, alinunuliwa na jamaa yake aliyekuwa huru kwa dola 1.

Mwaka 2026, Marekani ikitimiza miaka 250 ya uhuru, ni msimu wa mavuno kwa biashara hii. Bia yoyote inayouzwa kwa jina la Jefferson iandikwe pia Peter Hemings, kwa herufi za ukubwa uleule. Jefferson mwenyewe alijua thamani yake: mwaka 1820 alimwalika James Madison ampeleke mtu Monticello akafundishwe upishi wa bia na Hemings.