Baada ya tetemeko, nani aliwauliza wanafunzi?

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera, Tanzania. Tetemeko lile la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17 na kujeruhi zaidi ya 400. Manispaa ya Bukoba iliumia zaidi, na madhara yakafika hadi Muleba. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya zikafungwa kwa muda. Familia nyingi zililala nje, zikiogopa kuta zilizobaki.

Tathmini ilipoanza, zilihesabiwa nyumba na madarasa. Ilikuwa sawa, mvua haimsubiri mtu. Ihungo ikajengwa upya kwa fedha za Uingereza. Ila vijana waliotoka mbio mabwenini nao walihitaji tathmini yao.

Hofu ya siku za mwanzo ni ya kawaida, na kwa wengi hupungua yenyewe. Mashaka huanza mwezi unapopita na kijana bado anaota ukuta ukimwangukia, anaruka lori likipita, au hataki kabisa kuingia darasa lenye ufa. Huo ndio msongo wa baada ya kiwewe. Mtoto mdogo hulia na kumng'ang'ania mama. Wa miaka 15 huficha. Hasira zinakuwa karibu, alama zinashuka, pengine anaanza kuonja pombe ya rubisi. Nyumbani wanasema ana kiburi, shuleni anachapwa. Akiwa wa kiume anaambiwa ajikaze. Hapa ndipo tunapowaumiza mara ya pili, na inaniuma kwamba tunafanya hivyo tukidhani tunawalea.

Lipo la kujifunza Armenia, nchi iliyopigwa na tetemeko kubwa Desemba 1988. Mwaka mmoja na nusu baadaye, daktari Armen Goenjian na wenzake waliwatibu vijana wa mji wa Gyumri shuleni kwao kwa mazungumzo: wasimulie walichokiona, wawalilie waliowapoteza. Waliotibiwa walipata nafuu. Wenzao wasiotibiwa hali zao zilizidi kuwa mbaya, ingawa miaka ilikuwa inapita.

Tiba ile ilifanyika shuleni, na hilo linatuhusu. Daktari wa akili ni adimu vijijini Muleba, lakini shule zipo, na kijana humwona mwalimu kila siku. Walimu wa malezi wafundishwe kuzitambua dalili hizi, kusikiliza bila kukemea na kujua nani wa kumpeleka hospitali. Gharama yake iandikwe katika bajeti za maafa za Bukoba na Muleba, pamoja na mahema na blanketi. Na waliokuwa kidato cha kwanza mwaka 2016, ambao leo ni watu wazima, nao waulizwe wanalalaje.