Jani Halianguki, Huangushwa

Sisi Wapwani tunaotafuta riziki huku Mai Mahiu tunaijua migunga ya Bonde la Ufa wakati wa kiangazi: hubaki matawi na miiba tu. Pamba hailimwi hapa. Hata hivyo, kinachoifanya migunga kupukutika ndicho kinachowatoa jasho wakulima wa pamba wa kwetu Lamu, kuanzia Witu hadi Hindi na Mpeketoni.

Jaribu jambo moja, ndugu msomaji. Vunja tawi lenye majani mabichi uliache likauke. Majani yatakauka nalo, lakini yatabaki yakining'inia. Mti ulio hai ndio unaoyaachia. Kupukutisha, basi, ni kazi ya uhai, si dalili ya kifo.

Kazi hiyo hufanyika pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi, kwenye utepe mwembamba wa chembe. Jani changa lenye afya hutengeneza homoni iitwayo oksini, ambayo huteremka kwenye kikonyo bila kukoma. Maadamu oksini inafika, utepe hukaa imara. Jani likizeeka, likijeruhiwa au likikosa maji, oksini hupungua. Hapo homoni nyingine, ethilini, hupata nguvu. Vimeng'enya huyeyusha gundi inayoshikanisha chembe, na upepo mdogo tu humaliza kazi. Nyuma yake kovu huwa limeanza kuzibwa.

Ethilini ni gesi, na sisi tunaifahamu bila kuijua jina. Ndizi zikivumbikwa huiva upesi kwa sababu ya gesi hiyo hiyo, inayotoka kwenye ndizi zenyewe na kwenye moshi.

Mpamba una historia yake katika elimu hii. Mwaka 1963, kule California, Frederick Addicott na wenzake walichuja kutoka kwenye vitumba vichanga vya pamba homoni ambayo leo huitwa asidi abusisiki. Walidhani ndiyo inayoangusha vitumba. Baadaye ikabainika kwamba ethilini ndiyo yenye kauli kubwa, na asidi ile kazi yake mashuhuri ni kufunga vitundu vya majani wakati wa ukame ili maji yasipotee.

Marekani na Australia, ambako pamba huvunwa kwa mashine, wakulima hunyunyizia dawa za kuamsha ethilini ili majani yaanguke kabla ya mavuno. Dawa ikizidi makali, jani hufa kabla halijajiachia, likaganda mtini na kuchafua pamba. Ni yale yale ya tawi lililovunjika.

Kwetu pamba huchumwa kwa mkono, kwa hiyo majani si tatizo kubwa. Tatizo ni vitumba, kwa maana navyo huachiwa kwa njia hiyo hiyo. Mkulima akiviona vimetapakaa chini hukimbilia duka la dawa na kutumia pesa za karo. Kabla ya kukimbia, okota vichache uvipasue. Ukikuta tundu na kinyesi cha mdudu, huyo ni funza. Ukikuta ni kizima ndani na kovu lake ni safi, huenda mpamba wenyewe umepiga hesabu: maji hayatoshi, au yametuama kwenye mizizi, au mawingu yamezuia jua kwa siku nyingi na chakula kimepungua. Dawa ya funza haitairekebisha hesabu hiyo. Wala mbegu ya Bt, iliyoruhusiwa nchini Desemba 2019, haitairekebisha; hiyo humkinga mpamba na funza wa vitumba, si na kiu.

Kinachosaidia ni kupanda mvua zinapoanza, kupalilia mapema ili magugu yasigombanie maji, na kuchimba mifereji pale panapotuama. Vilevile ujue kwamba mpamba hupoteza zaidi ya nusu ya matumba na vitumba vyake hata katika msimu wa kawaida. Vinavyoanguka zaidi ni vichanga. Kitumba kikishavuka wiki mbili tangu ua kufunguka, ni nadra kuanguka.

Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Mpamba hupunguza mzigo ili vile vilivyobaki vikomae. Kazi ya mkulima ni kuutazama kwanza umepunguziwa na nini, ndipo afungue mfuko wake.