Kujifunza Kumsikiliza Mungu (2): Shule ya Jumuiya

Katika maisha ya Kikristo, kumsikiliza Mungu ni jambo la kufundishwa, wala si kipaji cha wachache. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 3, kinalionyesha hilo waziwazi. Kijana Samweli, aliyelala hekaluni Shilo, aliitwa usiku mara tatu, na mara zote akamkimbilia mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita. Sauti aliisikia vizuri. Alichokosa ni mtu wa kumwelekeza. Eli, kuhani ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, ndiye aliyetambua mwitaji na kumfundisha kijana namna ya kuitika. Ujumbe wa kwanza ukawa hukumu juu ya nyumba ya Eli mwenyewe. Mzee alimtaka Samweli asimfiche hata neno moja, akaambiwa, akapokea. Wahubiri wengi hupita hapa upesi, ilhali ndipo penye uzito: amfundishaye mwenzake kusikiliza lazima awe tayari kuambiwa yatakayomuuma.

Katika kata ya Lemara, jijini Arusha, kama kwingineko chini ya Mlima Meru, shule ya namna hiyo ni jumuiya, Wakatoliki na Walutheri kila upande na zake, wakikutana majumbani mwa waumini. Kwa Wakatoliki, msukumo mkubwa ulitoka AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, ambalo mkutano wake mkuu wa mwaka 1976 ulizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele cha kichungaji. Njia inayojulikana sana ni Hatua Saba, iliyoandaliwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini.

Mmoja humwalika Bwana kwa sala, mwingine husoma Injili, mara nyingi ile ya Jumapili inayofuata. Hatua ya tatu, kila aliyeguswa na neno hulitamka polepole, hulirudia, bila kuongeza maelezo yoyote. Hatua ya nne, wote hunyamaza kwa dakika chache. Kisha hushirikishana yaliyowagusa, hujadili kazi ambayo jumuiya inatakiwa kuifanya, na kumalizia kwa sala.

Hatua inayopunjwa mara nyingi ni ya nne. Kiongozi huona ukimya ni pengo, akaanzisha wimbo ili kuliziba. Hasara yake huonekana papo hapo kwenye hatua ya tano: badala ya mama wa jirani kueleza neno lililomgusa, watu hurudia mahubiri waliyokwisha kuyasikia. Katika hatua hiyo kila mtu husema ya kwake, hahubiri, wala habishani na mwenzake.

Upande wa Waprotestanti, malezi kama hayo yalienezwa na Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini, Rwanda, na kusambaa miaka ya 1930 hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa Uamsho waliungama dhambi mbele ya wenzao na kuweka mipango yao nuruni, wakikubali kuulizwa. Josiah Kibira, askofu wa Bukoba aliyeongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984, alilelewa katika mkondo huo.

Kuulizwa huko kuna msingi wa kale. Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anaagiza manabii wawili au watatu waseme na wengine wapime. Vipimo ni Maandiko, ushirika wa waamini na matunda yanayoonekana. Kwa hiyo anayesema "Bwana ameniambia" na kukataa kupimwa amejitoa mwenyewe katika utaratibu wa kanisa, hata kama sauti yake inatikisa vipaza sauti. Mkristo anayeambiwa kwa jina la Mungu aache dawa za hospitali, au auze kiwanja cha familia atoe sadaka, asitende lolote kabla ya kuupeleka ujumbe huo kwa mchungaji au padri wake, na kwa jumuiya inayomfahamu.