Kinundu kwenye tundu la hereni: kabla hujakikata, kijue

Wiki chache baada ya kutoga pua, pembeni ya kipini huota kitu. Ni kidogo, kinang'aa, chekundu au cheusi kuliko ngozi inayokizunguka, na kikiguswa kinauma. Mwenyewe hushtuka, akapiga picha na kuwatumia rafiki zake, na jibu linalorudi karibu kila mara ni hilohilo: hiyo ni keloidi. Kuanzia hapo mambo huharibika haraka. Usiku inapakwa dawa ya meno, asubuhi limao, kesho yake kitunguu saumu kilichopondwa kinafungiwa na plasta. Baada ya siku kadhaa ngozi imeungua na kinundu kimezidi kuwa kikubwa.

Mara nyingi jibu lile halikuwa sahihi. Vinundu vingi vinavyoota kando ya tundu jipya si keloidi, na huondoka kabisa vikishughulikiwa kwa upole. Keloidi yenyewe ipo, inawasumbua watu wengi wa kwetu, na hiyo ndiyo ya kuogopwa. Lakini dawa ya kimoja siyo dawa ya kingine.

Ngozi ikitobolewa, damu huganda, chembe za kinga hukusanyika kusafisha, kisha chembe ziitwazo fibroblasti huanza kutengeneza kolajeni, protini imara inayoziba pengo. Kwa kawaida kazi hiyo hupungua kadiri wiki zinavyopita, na kolajeni iliyozidi huvunjwavunjwa hadi kovu likalingana na ngozi. Kwa mtu mwenye keloidi, fibroblasti hazikomi. Ni kama fundi aliyeitwa kuziba ufa, akauziba, kisha akaendelea kupiga plasta hadi ukuta wa jirani. Kolajeni hurundikana, huvuka mpaka wa kidonda na kuingia kwenye ngozi nzima ambayo sindano haikuigusa.

Kuvuka mpaka huko ndiko kunakoitambulisha keloidi. Kovu lililotuna tu, hata likiwa nene na gumu, hubaki ndani ya eneo lililoumia; huanza katika wiki za mwanzo, hukua kwa miezi kadhaa, halafu huanza kunywea lenyewe, ingawa huenda likachukua mwaka au zaidi. Keloidi huja kwa kuchelewa. Tundu hupona vizuri, hereni zikavaliwa, kisha baada ya miezi mitatu, sita, hata mwaka na zaidi, mtu anaanza kuhisi kijiwe ndani ya nyama ya sikio. Kinawasha, hasa usiku. Kinakua polepole, mbele na nyuma ya sikio, na hakirudi nyuma chenyewe. Kwenye sikio kinaweza kufikia ukubwa wa limao na kuivuta ndewe chini kwa uzito wake.

Kwa hiyo anayeona kinundu wiki ya nne, tena puani, aanze kwanza kufikiria mambo mepesi zaidi. Asimame mbele ya kioo penye mwanga wa dirisha, aangalie. Je, kinundu kimekaa upande mmoja tu wa tundu, pale kipini kinapoegemea? Basi huenda kipini kiliingizwa kwa mshazari, au ni kirefu kiasi kwamba kinachezacheza kila anapojifuta uso. Je, ni nyama mbichi nyekundu, laini, inayotoa damu kwa kuguswa na taulo tu? Hiyo huitwa granuloma, mishipa midogo ya damu iliyoota kupita kiasi mahali panapochokozwa. Je, kina kichwa cheupe, kina joto, kinatoa usaha na maumivu yanapiga? Hapo vijidudu vimeingia. Na kama ngozi yote ya kuzunguka tundu imevimba kidogo, inawasha na kutoa majimaji, mshukiwa wa kwanza ni nikeli, metali inayopatikana katika hereni nyingi za bei nafuu na ambayo miili ya watu wengi haielewani nayo.

Tundu lililochokozwa huhitaji kuachwa. Watu hawapendi kuambiwa hivyo, maana mkono unataka kufanya kitu. Lakini tiba yenyewe ndiyo hiyo: acha kukizungusha kipini, acha kukibinya kinundu, usilalie upande huo, badilisha pambo liwe la titani au la dhahabu isiyo na nikeli, lenye urefu unaofaa, na osha mara mbili kwa siku kwa maji safi ya chumvi. Maji ya chumvi yanayouzwa famasi, yale yenye asilimia 0.9 ya chumvi, ndiyo bora, kwa sababu yale ya nyumbani mara nyingi huzidi chumvi na kuikausha ngozi. Spiriti na dawa kali za kuulia vijidudu huua pia chembe changa zinazojaribu kufunga kidonda, kwa hiyo zibaki kabatini. Kinundu cha namna hii huanza kupungua ndani ya wiki chache. Granuloma isiyotaka kuondoka daktari huiunguza au kuikwangua, na ni kazi fupi.

Muda nao unadanganya. Ndewe hupona kwa wiki 6 hadi 8. Pua huhitaji miezi kadhaa, na sehemu ya juu ya sikio, penye gegedu, inaweza kuchukua miezi 6 hadi mwaka mzima. Mtu anayebadilisha pambo la juu ya sikio mwezi wa pili kwa kuwa nje panaonekana pamekauka, anafungua upya kidonda ambacho ndani bado kibichi.

Hiyo sehemu ya juu ina hatari yake ya peke yake. Gegedu halina mishipa yake ya damu. Hulishwa na utando unaolizunguka. Vijidudu vikiingia hapo, hasa bakteria aitwaye Pseudomonas, kinga na dawa hufika kwa shida, na usaha ukitenganisha utando na gegedu, gegedu hufa na sikio hukunjamana moja kwa moja. Sikio lililovimba juu, jekundu, la moto, linalouma hata kwa kuguswa na shuka, ni la kupelekwa hospitali siku hiyohiyo, na dawa anazopaswa kuandika daktari si zile za kawaida za kidonda cha ngozi. Ndiyo maana kutoga gegedu kwa ile bunduki ya saluni ni jambo la kukataa. Bunduki husukuma hereni butu kwa nguvu na kuliponda gegedu, na nyingi zina sehemu za plastiki zisizoweza kuchemshwa kwa mvuke wa kuua vijidudu. Sindano mpya, inayofunguliwa mbele yako, hukata tundu safi zaidi na haibebi damu ya mteja aliyetangulia pamoja na homa yake ya ini.

Bibi zetu wa Lamu na Unguja walitoga safu nzima ya matundu kwenye ukingo wa sikio, na bara wengi walitogwa kwa sindano na uzi, kisha njiti ya ufagio ikapitishwa tundu lisizibe. Walio wengi walipona bila kovu. Hilo hutumika kama ushahidi kwamba keloidi ni ugonjwa wa siku hizi, na si kweli. Ilikuwepo, ila haimpati kila mtu. Kwa sehemu kubwa hurithiwa: mama akiwa nayo, au kaka, au shangazi, uwezekano wako unapanda. Huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na zaidi kati ya miaka 10 na 30, na baadhi ya wanawake huona zao zikikua wakati wa ujauzito. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kwamba watu wenye ualbino hawaipati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, ambao miongoni mwa waandishi wake walikuwemo madaktari wa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Moshi, ulionyesha kwamba wanaipata kwa kiwango kinachokaribiana na cha Waafrika wengine. Hivyo rangi peke yake haielezi yote, na mzazi wa mtoto mwenye ualbino asidhani mwanawe amesalimika kwa sababu hiyo.

Umri wa kutoga nao una uzito. Mwaka 2005 jarida la tiba ya watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha uchunguzi mdogo wa watu waliofika kliniki na keloidi: waliotoga masikio baada ya miaka 11 waliipata kwenye matundu hayo mara nyingi zaidi kuliko waliotogwa wakiwa wadogo. Uchunguzi ule ulikuwa wa watu wachache na haukulenga kuwatisha mabinti wote. Ila katika familia yenye keloidi, kumwambia binti "subiri ukue ndipo utoge" huenda kukamwongezea hatari, na kwake pengine ushauri mwema ni kutotoga kabisa.

Sasa tuseme keloidi imeshaota. Siyo saratani, haiambukizi, hakuna aliyeituma. Kosa kubwa linalofanywa, na linafanywa hata katika baadhi ya zahanati, ni kuikata na kushona bila kufanya kitu kingine. Kisu ni jeraha jipya kwenye ngozi ileile isiyojua kukoma. Keloidi zilizokatwa tu hurudi katika kiwango kinachotajwa kuwa kati ya asilimia 45 na 100, na inayorudi mara nyingi huwa kubwa kuliko ya kwanza. Kuifunga kwa uzi hadi ikatike, au kuichoma kwa dawa za kienyeji, ni kukata kwa jina lingine, pamoja na usaha.

Tiba ya kwanza kwa nyingi ni sindano ya triamsinoloni, ambayo ni steroidi, ndani ya keloidi yenyewe. Ni dawa nyeupe yenye ukungu. Daktari huingiza sindano katikati ya uvimbe na kusukuma, na kwenye keloidi ngumu kidole gumba hulazimika kutumia nguvu kweli, hadi uvimbe upauke. Inauma. Daktari mwema huchanganya na ganzi au huigandisha kwanza keloidi kwa naitrojeni ya maji, ambayo huilainisha. Sindano hurudiwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, kwa miezi. Muwasho ndio hutangulia kupungua, kisha keloidi hulainika, kisha hushuka. Wengi hukatiza hapa, muwasho ukiisha, na ndiyo sababu mojawapo ya keloidi kurudi. Madhara yapo: ngozi inaweza kuwa nyembamba au kupauka kuzunguka pale, naitrojeni huweza kuacha doa jeupe linaloonekana sana kwenye ngozi nyeusi, na mwenye kisukari amweleze daktari kwa kuwa dawa hii inaweza kupandisha sukari. Sindano isipotosha, huchanganywa na fluorourasili, dawa ya saratani kwa kiwango kidogo, ambayo mjamzito hapewi.

Keloidi kubwa ya sikio isiyonywea kwa sindano hukatwa, lakini ndani ya mpango: sindano za triamsinoloni kabla na baada, au mionzi inayoanza ndani ya siku moja au mbili baada ya upasuaji, kisha hereni maalumu ya kubana inayovaliwa saa nyingi kila siku kwa miezi. Bamba la silikoni husaidia zaidi makovu machanga kuliko keloidi kongwe, na hulazimu kuvaliwa karibu saa 12 kwa siku.

Krimu za kuchubua zinazouzwa mitaani, nyingi zikiwa na steroidi kali zisizoandikwa kwenye boksi, si mbadala wa sindano. Hazipenyi keloidi ngumu. Zinachofanya ni kuharibu ngozi nzuri iliyo jirani.

Na aliyewahi kupata keloidi ya sikio anabeba habari ambayo madaktari wengine wanaihitaji. Aiseme kabla ya upasuaji wa kujifungua, kabla ya kutolewa kidoa kifuani au begani, hata kabla ya kutoga tundu la pili. Mpasuaji aliyejulishwa hupunguza mvutano kwenye mshono, na hupanga mapema silikoni au sindano ianze mara kidonda kikifunga, wakati kovu bado halijaanza kuvuka mpaka wake.